Mvinyo mwekundu, na yule asiyekunywa

Kati ya Septemba 2002 na Februari 2003, mashine za kulipia katika maduka makubwa 98 nchini Denmark zilirekodi kila bidhaa iliyopita mbele ya keshia. Manunuzi milioni 3.5. Watafiti hawakumuuliza mteja yeyote swali. Walichukua orodha wakazitenga: hawa wamenunua mvinyo, hawa bia, hawa vyote viwili. Kisha wakachungulia kingine kilichokuwa kikapuni.

Penye mvinyo palikuwa na zeituni, matunda, mboga, kuku, mafuta ya kupikia, jibini na maziwa yaliyopunguzwa mafuta. Penye bia palikuwa na vyakula vilivyopikwa tayari, sukari, chipsi, soseji, siagi na soda.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la kitabibu la BMJ. Utafiti wenyewe haukupima moyo wa mtu hata mmoja. Lakini kwa wiki kadhaa sasa, kila ninapokutana na kichwa cha habari kinachodai kwamba mvinyo mwekundu unarefusha maisha, mawazo yanarudi kwenye vikapu vile. Tumezoea kuuliza ndani ya mvinyo kuna nini. Nadhani hilo ni swali la pili.

La kwanza ni hili: anayekunywa analinganishwa na nani?

Wafaransa na vyeti vyao vya vifo

Habari ya Wafaransa wanaokula siagi na jibini bila mioyo kuwasumbua haina haja ya kusimuliwa upya. Kituo cha televisheni cha Marekani, CBS, kiliirusha Novemba 1991 katika kipindi cha 60 Minutes, mvinyo mwekundu ukitajwa kuwa ndio kinga yao, mtafiti Mfaransa Serge Renaud akaiandikia jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 1992, na mauzo ya mvinyo mwekundu Marekani yakapaa.

Kilichosahaulika ni majibu yaliyofuata. Mwaka 1999 Malcolm Law na Nicholas Wald waliandika katika BMJ kwamba sehemu ya tofauti ile ilitokana na makaratasi: vifo vya moyo Ufaransa viliandikwa chini ya sababu nyingine, upungufu waliokadiria kuwa wa takriban asilimia 20. Sehemu kubwa ya iliyobaki waliieleza kwa kuchelewa. Ulaji wa mafuta ya wanyama ulikuwa umepanda Ufaransa miaka ya karibuni tu, ilhali Uingereza ulikuwa juu kwa miongo mingi. Mshipa wa damu hauzibi kwa mwaka mmoja.

Kwa maelezo hayo, sehemu ya mvinyo inabaki ndogo sana.

Chupa 900 kwa siku

Kisha ikaja resveratroli. Mwaka 2003 maabara ya David Sinclair, Harvard, ilikuwa miongoni mwa zilizotangaza katika jarida la sayansi la Nature kwamba kemikali hiyo ya ganda la zabibu inarefusha maisha ya hamira. Mwaka 2006 ikafuata habari ya panya: walionenepeshwa kwa chakula chenye mafuta mengi waliishi zaidi walipopewa resveratroli kuliko wenzao waliokula vilevile bila kupewa. Kampuni ya Sirtris, iliyosimama juu ya kazi hiyo, ilinunuliwa na kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline mwaka 2008 kwa dola milioni 720. Kufikia 2013 ofisi zake zilikuwa zimefungwa.

Jambo moja huwa halifiki magazetini: panya waliokula chakula cha kawaida hawakuongezewa siku za kuishi.

Tupige hesabu. Panya walipata miligramu 22.4 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 angehitaji miligramu 1,344 kwa siku. Mvinyo mwekundu huwa na kama miligramu 2 kwa lita; mwingine haufiki hapo, mwingine unakaribia 6. Tukichukua 2, ni lita 672, yaani karibu chupa 900 za mililita 750.

Mtaalamu wa dawa atakataa hesabu hiyo, na ana haki. Dozi ya panya haihamishwi kwa uzito mtupu, kwa sababu mwili mdogo huchakata dawa upesi. Kanuni ya kawaida ni kuigawanya kwa 12.3. Haya, tuigawanye. Tunapata miligramu 109, lita 55, chupa 73.

Na hiyo ni kabla ya kufika kwenye damu. Utumbo hunyonya sehemu kubwa ya resveratroli, lakini ukuta wake pamoja na ini huibadilisha papo hapo; inayopita ikiwa bado resveratroli haifiki asilimia 1. Huko Chianti, Italia, ambako mvinyo ni sehemu ya mlo, watafiti walipima mabaki yake kwenye mkojo wa watu 783 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wakawafuatilia kwa miaka tisa. Waliokuwa nayo nyingi hawakuishi zaidi ya waliokuwa nayo kidogo, wala hawakupata saratani au maradhi ya moyo kwa uchache zaidi. Ripoti ilitoka mwaka 2014.

Vidonge vya resveratroli bado vinauzwa.

Ganda na mbegu

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema yote ni hadithi. Siwezi, kwa sababu mvinyo mwekundu una mengine zaidi ya resveratroli.

Tofauti yake na mweupe inaanzia kwenye pipa. Zabibu za mvinyo mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa, ndipo juisi ikachachuka. Za mwekundu huchachuka pamoja na maganda na mbegu, siku kadhaa au wiki kadhaa, na etanoli (kileo chenyewe) inayozalishwa humo ndiyo inayovuta tanini kutoka kwenye mbegu. Kadiri vinavyolowekwa ndivyo ukali wa tanini ulimini unavyoongezeka. Mwaka 2006 Roger Corder na wenzake waliandika katika Nature kwamba kinachotuliza mishipa ya damu ni prosianidini, kemikali za jamii ya tanini, na kwamba mvinyo wa kusini-magharibi mwa Ufaransa na wa Sardinia unazo kwa wingi. Kakao na tufaha nazo zinazo, bila kileo.

Jaribio ninaloliona la maana zaidi hapa lilifanyika Barcelona na kuchapishwa mwaka 2012. Wanaume 67 waliokuwa katika hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo walipitia vipindi vitatu vya wiki nne kila kimoja: mvinyo mwekundu wenye gramu 30 za kileo kwa siku, kiasi kilekile cha polifenoli (kundi la kemikali za mimea ambamo resveratroli na prosianidini zimo) katika mvinyo ulioondolewa kileo, na gin yenye gramu 30. Ni kipindi kimoja tu kilichoshusha presha kwa kiwango cha kuhesabika: mvinyo ulioondolewa kileo. Namba ya juu ilishuka kwa takriban 6, ya chini kwa 2.

Watu wachache, wiki chache. Hata hivyo linaonyesha mahali pa kutazama: polifenoli zilikuwa zikisaidia, na etanoli ikazirudisha nyuma.

Nani ameandikwa sifuri?

Sasa turudi kwa asiyekunywa.

Mchoro maarufu wa pombe na vifo una umbo la herufi J. Wasiokunywa kabisa wanakufa zaidi kidogo, wanaokunywa kidogo wanakufa kwa uchache zaidi, kisha mstari unapanda kwa wanaokunywa sana. Raymond Pearl aliona kitu cha namna hiyo mwaka 1926, na tangu wakati huo umejirudia nchi baada ya nchi. Unapojirudia hivyo, ni vigumu kuupuuza.

Mwaka 1988 Gerald Shaper na wenzake walifungua lile kapu la sifuri, yaani kundi la wasiokunywa. Walikuwa wakiwafuatilia wanaume 7,735 wa Uingereza, wakagundua kwamba wengi kati ya "wasiokunywa" walikuwa wameacha, na waliacha kwa sababu ya ugonjwa. Mtu amekunywa miaka thelathini, ini limechoka, daktari amemkataza. Akija mtafiti na dodoso: unakunywa pombe? Hapana. Anaandikwa sifuri. Miaka mitatu baadaye anafariki, na kifo chake kinahesabiwa kuwa cha mtu asiyekunywa.

Dawa ya kosa hilo inaonekana rahisi: waondoe walioacha, ubaki na wasiowahi kugusa. Lakini katika jamii ambako kunywa ndiyo kawaida, asiyewahi kugusa si mtu wa wastani. Anaweza kuwa aliugua tangu utotoni, au anameza dawa zisizopatana na kileo, au kipato hakimruhusu. Uchambuzi wa Marekani wa mwaka 2005 uliangalia mambo 30 yanayohusiana na ugonjwa wa moyo; 27 kati yake yalikuwa mabaya zaidi kwa wasiokunywa kuliko kwa wanaokunywa kiasi. Humo mna hali ya maisha na uwezo wa kumfikia daktari. Hakuna atakayedai kwamba glasi ya jioni ndiyo inayompa mtu bima ya afya.

Kuna na kasoro ya tatu, isiyosemwa sana. Tafiti nyingi huanza kuandikisha watu wakiwa na miaka 50 au 60. Mnywaji aliyefariki akiwa na 40, kwa ajali au kwa ini, hakuwahi kuingia daftarini. Waliobaki kuwakilisha wanywaji ni wale ambao pombe ilishindwa kuwaua.

Mwaka 2023 Jinhui Zhao, Tim Stockwell na wenzao walikusanya tafiti 107 zenye washiriki milioni 4.8 na kujaribu kurekebisha makosa haya. Faida ya kunywa kidogo ikayeyuka. Hatari ya kufa ilianza kuonekana wazi kwa wanawake kuanzia gramu 25 kwa siku, na kwa wanaume kuanzia 45.

Nilidhani hapo mambo yameisha. Kumbe Desemba 2024 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani, baada ya kuchuja tafiti zinazochanganya walioacha na wasiowahi kunywa, zilihitimisha kwamba wanaokunywa kiasi wana vifo pungufu kwa takriban asilimia 16, na uhakika wao zikauita wa wastani. Makosa yaleyale yakijulikana, majibu mawili.

Jeni hazijui kikapu

Kuna njia ya kukwepa dodoso. Baadhi ya watu huzaliwa na jeni zinazofanya pombe iwaletee uso mwekundu, kichefuchefu na moyo kwenda mbio, kwa hiyo hunywa kidogo. Hawakuchagua jeni hizo kwa sababu ya kipato au kupenda zeituni.

Utafiti mkubwa wa China uliochapishwa katika The Lancet mwaka 2019 ulitumia nafasi hiyo. Kwa majibu ya dodoso, lile umbo la kinga lilionekana kama kawaida. Walipowapanga wanaume kwa jeni, presha na kiharusi vilipanda kwa mstari mmoja kadiri kinywaji kilivyoongezeka, pasipo bonde la kinga. Kwa mshtuko wa moyo mstari haukuwa wazi, wa faida wala wa madhara. Wanawake wa huko hunywa mara chache sana, na kwao jeni hizohizo hazikubadili presha wala kiharusi. Hiyo ndiyo sehemu iliyonishawishi zaidi: jeni zenyewe hazina kosa, kosa ni kinywaji.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si ya kubeza. Jeni hupima tabia ya maisha yote, na hazitofautishi glasi moja kila siku ya wiki na glasi saba za Jumamosi. Zaidi ya hapo, wanaume wa China wanywao hupendelea pombe kali. Mvinyo pamoja na chakula haukupimwa pale.

Jaribio lililofungwa

Cha kumaliza ubishi ni kuwagawa watu kwa kura ya bahati nasibu: hawa wanywe, hawa wasinywe, tuhesabu vifo. Jaribio la namna hiyo lilianza Marekani, likiitwa MACH15, kwa bajeti ya dola milioni 100 na lengo la watu 7,800. Lilifungwa Juni 2018 baada ya kubainika kwamba sehemu kubwa ya fedha zilitoka kwa kampuni za pombe, na kwamba maofisa walizifuata kampuni hizo wenyewe. Wakosoaji walieleza jambo jingine ninaloliona zito kuliko fedha: muda uliopangwa ungetosha kuona faida kwa moyo, usitoshe kuona saratani.

Majaribio madogo yapo. La Israeli, lililochapishwa mwaka 2015, liliwapa wagonjwa 224 wa kisukari aina ya 2 mililita 150 za mvinyo mwekundu, mweupe, au maji ya madini wakati wa chakula cha usiku kwa miaka miwili. Mvinyo mwekundu uliongeza HDL, ile kolesteroli iitwayo nzuri, kwa karibu miligramu 2 kwa desilita. Presha haikubadilika.

Zamani ongezeko hilo lingetangazwa kuwa ushindi. Mwaka 2006 dawa iitwayo torcetrapib, iliyopandisha HDL kwa zaidi ya nusu, ilisimamishwa kwa sababu waliopewa walikufa zaidi. Tangu hapo kupanda kwa HDL peke yake hakunishawishi.

Upande usio na mabishano

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vileo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988. Mdomo, koo, umio, ini, utumbo mpana, matiti. Etanoli hugeuzwa kuwa asetaldehaidi, nayo hushambulia DNA kabla haijageuzwa tena kuwa kitu kisicho na madhara. Etanoli ya mvinyo wa bei mbaya ni ileile.

Ukubwa wa hatari usemwe kwa namba, maana asilimia zinatisha au kupumbaza kulingana na anayezitumia. Uchambuzi wa mwaka 2002 ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wasiokunywa, 8.8 watapata saratani ya matiti kufikia umri wa miaka 80. Wakinywa gramu 10 kila siku, 9.4. Gramu 20, 10.1. Ni ongezeko dogo kwa mtu mmoja, lakini linaanzia kwenye glasi ya kwanza, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 kwamba hakuna kiwango kisicho na hatari.

Moyo nao una upande mwingine. Huko Australia, wagonjwa 140 wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio waligawanywa kwa kura: waendelee kunywa, au waache. Katika miezi sita, tatizo lilirudi kwa asilimia 73 ya walioendelea na 53 ya walioambiwa waache.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa sasa: faida ya moyo ikiwepo ni ndogo, na huenda haipo. Saratani ipo. Asiyekunywa hana sababu ya kiafya ya kuanza. Anayekunywa glasi moja na mlo kwa sababu anaupenda hana haja ya kutaharuki, ila asiiite dawa.

Glasi ni gramu ngapi?

Hapa ndipo watu hupotea hata wakiwa na nia njema. Mimina maji kwenye glasi yako mpaka pale unapojaza mvinyo kwa kawaida, kisha yahamishie kwenye jagi la kupimia. Soma asilimia kwenye lebo ya chupa. Zidisha mililita kwa asilimia, gawanya kwa 100, zidisha kwa 0.789. Hizo ni gramu za etanoli.

Mililita 150 za asilimia 13.5 ni gramu 16. Glasi kubwa ya mililita 250 yenye asilimia 14.5 ni karibu gramu 29. Wanywaji wa glasi hizo wote wawili watamwambia daktari "glasi moja". Chupa nzima ya asilimia 13.5 ni gramu 80.

Sasa linganisha na miongozo. Uingereza, tangu 2016, inashauri isizidi gramu 112 kwa wiki, kama chupa moja ya asilimia 13.5 na glasi mbili za mililita 150. Mwongozo wa Kanada wa 2023 unaweka hatari ndogo kwenye vinywaji viwili kwa wiki, kama gramu 27. Ile glasi kubwa moja imemaliza wiki.

Ini huchakata gramu 7 hadi 10 kwa saa, na haliwezi kuharakishwa kwa kahawa. Chakula tumboni hupunguza kilele cha kileo kwenye damu. Kujinyima siku sita ili unywe zote Jumamosi si kunywa kwa "kiasi". Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya kundi la sulfonilurea anaweza kushuka sukari usiku, saa nyingi baada ya kunywa; warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na dawa za usingizi nazo ni za kumuuliza mfamasia kwanza. Na anayebadilika uso kuwa mwekundu baada ya glasi moja asidhani ni joto: kwa mwenye asili ya Asia ya Mashariki hasa, ni dalili ya kimeng'enya kisichomaliza asetaldehaidi, na saratani ya umio humwandama zaidi akiendelea kunywa. Mjamzito asinywe.

Kinachosubiriwa

Huko Hispania, Chuo Kikuu cha Navarra kinaendesha jaribio liitwalo UNATI. Lengo ni zaidi ya watu 10,000 wenye umri kati ya miaka 50 na 75, wote wakiwa tayari wanakunywa. Kura inaamua nani ashauriwe kuacha kabisa na nani ashauriwe kunywa kwa kiasi, kwa mtindo wa Mediterania: mvinyo mwekundu zaidi, pamoja na mlo, umesambazwa ndani ya wiki. Watafuatiliwa kwa miaka minne.

Nalisubiri kwa hamu, kwa sababu hatimaye sifuri haitakuwa ya wagonjwa wala ya maskini. Itakuwa ya watu walewale waliotengwa kwa kura. Lakini ushauri si amri, na wengi wa walioambiwa waache huenda wakaendelea kuonja, jambo ambalo hupunguza tofauti yoyote iliyopo. Na miaka minne inatosha kuhesabu mishtuko ya moyo. Saratani ya umio au ya matiti hukawia zaidi ya hapo, kwa hiyo hata wakileta habari njema za moyo, upande mmoja wa daftari utakuwa bado haujajazwa.